Nilivyokifuata Kitabu cha Pili Msambweni

Haya, nimerudi. Acheni basi kunipigia simu mmoja mmoja, kila mtu anataka nianze upya mpaka koo linanikauka. Nimeamua kuyaandika yote mara moja, mtasomeana wenyewe hapo kibarazani. Na wewe Mwanahamisi, usirukie mwisho. Nakujua.

Kwa wale ambao hawakuwepo tangu mwanzo, nieleze kidogo. Mimi nilifanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani mpaka kichwa kikaingia mvi, na Kifaransa changu nilikiokota hapo hapo, midomoni mwa wageni. Hoteli ilipofungwa tuliambiwa kila mtu achukue anachokitaka. Wenzangu walibeba magodoro, feni na masufuria. Mimi nikabeba katoni ya vitabu vikuukuu vya Kifaransa vilivyokuwa vinaoza kwenye kabati la chumba cha wageni, wakanicheka mpaka wakashika mbavu. Waache wacheke! Magodoro yao yameshabonyea zamani, na vitabu vyangu ndivyo vinavyowakalisha nyinyi kibarazani kwangu Kombani kila Alhamisi mpaka mboga zinawaungulia majumbani.

Kimoja kati ya hivyo ni kile chenye jalada jekundu, kurasa zimekuwa rangi ya chai ya maziwa, chenye hadithi ya karani wa nyota. Kiliandikwa zamani zile taa ya umeme ilipokuwa bado ajabu, na mwandishi wake akakaa akawaza mambo ambayo mpaka leo hayajatokea. Msichana mmoja ni karani wa telegrafu, ile simu ya kale ya kugonga tik-tik, katika kituo kilicho peke yake mlimani. Mashine inaanza kugonga na hakuna mji wowote unaopiga. Anahangaika nayo mpaka anatambua kwamba ujumbe unatoka kwenye nyota, nao unauliza: "Kuna mtu?" Anajibu: "Nipo. Nyinyi ni nani?" Mashine kimya. Kitabu kimekwisha. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, wameandika kwamba yaliyobaki yamo katika kitabu cha pili.

Nilipowafikisha hapo mlinifanya nini? Bi Chiku alinikasirikia kana kwamba mimi ndiye niliyeizima hiyo mashine. Mwanahamisi akasema kitabu cha pili kisipopatikana atatunga mwisho yeye mwenyewe, na karani ataolewa na daktari. Wallahi, huyo daktari ndiye aliyenitoa nyumbani kwangu.

Kombani hadi Ukunda

Nilitoka asubuhi nikiwa nimewaahidi watu wa nyumbani kwamba nitarudi kula mchana. Chekeni tu. Mkononi nilikuwa na mkoba, ndani ya mkoba kitabu cha kwanza, na ndani ya kitabu dalili yangu moja tu: muhuri mdogo wa ndege, korongo amesimama kwa mguu mmoja, umepigwa ukurasa wa mwanzo. Nilijiambia, mwenye korongo huyu ndiye mwenye kitabu cha pili.

Ukunda nilianzia kwa kijana mmoja wa bara anayepanga vitabu vya mitumba kwenye turubai karibu na soko. Nikamwambia nataka vitabu vya zamani vya Kifaransa.

"Mathe, Kifaransa iko!" akasema kwa furaha, akanitolea rundo la vitabu vya shule. "Hii ya Fomu Tatu, hii ya Fomu Nne. Mtoto atapita, hiyo sema tu."

"Mwanangu, nataka vya zamani. Vya miaka ya mabibi na mababu."

Akanitazama kwa huruma. "Sasa mathe, mtihani si umebadilika? Vya zamani vitamwangusha."

Nikamtolea changu nikamwonyesha korongo. Hapo akaacha biashara. Akaishika ile karatasi, akaipapasa, akainusa hata. Akasema ndege huyo hamjui, ila kuna mama wa Kifaransa Mwabungo, ana nyumba ya wageni, huja kununua riwaya na kumkaripia kwa bei. "Ukitaka mambo ya zamani, huyo ndiye zamani yenyewe," akasema. Nikamshukuru. Kitabu cha Fomu Tatu nilikinunua vilevile, haya zilinishika.

Ukunda hadi Mwabungo

Safari hii mtu mwenye akili zake huimaliza kabla chai haijapoa. Mimi ilinichukua mchana kutwa, kwa sababu ya dereva wa tuktuk na binamu yake.

Tulipokaribia tu Mwabungo dereva akapunguza mwendo. "Mama, tupitie hapa kidogo nitoe salamu. Binamu yangu anaoa." Nikamwambia pita, salamu ni jambo jema. Kumbe salamu za Mwabungo zina sahani! Kabla sijatia mguu chini, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamrisha akanishika mkono. "Nyinyi watu wa Kwale mmechelewa! Ingia ndani!" Nikajaribu kumweleza kwamba mimi si wa upande wa bibi harusi, mimi natafuta kitabu. "Kitabu utakisoma ukishiba," akasema.

Jamani, biriani ile. Sitaki kuwatamanisha, lakini viazi vilikuwa vimekaangwa vikaiva mpaka ndani, na achari ya ndimu iliyonifanya nifumbe jicho moja. Niliwekwa katikati ya mashangazi. Mmoja akauliza kwenye mkoba kuna zawadi gani. Nikasema kuna kitabu. Kinasema nini? Na mimi mnanijua, nikiulizwa hivyo siwezi kujizuia. Nikaanza tik-tik yangu. Ngoma inapigwa uani, na ndani mashangazi wameniinamia, wananiuliza hiyo nyota iko upande gani wa kibla.

Nilipofika pale mashine iliponyamaza, yule mama mnene akapiga goti lake kofi. "Halafu?"

"Halafu ndiyo naitafuta."

Akasimama akamtafuta dereva. "Wewe Rama! Mtu ana safari ya maana namna hii nawe umemkalisha hapa anakula? Mpeleke!" Nikatolewa mbio mbio, na kaimati nimefungiwa kwenye mfuko.

Yule mama wa Kifaransa, Madamu Odile, nilimkuta bustanini anamwagilia maji. Ni mama aliyekula chumvi nyingi, kakaa pwani hii kuliko wengi wetu, anasema Kiswahili cha hapa hapa. Nikamwamkia kwa Kifaransa changu bora kabisa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bibi, Kifaransa chako ni kizuri, lakini unaongea kama karatasi ya vyakula ya hoteli." Nilinuna kidogo. Nikamtolea korongo.

Mpira wa maji ulimwanguka mkononi. "Armandi!"

Akanivuta ukumbini, akanipa mkate na jamu ya ukwaju anayoipika mwenyewe, na maneno yakamtoka bila kituo. Musyu Armandi, yaani Bwana Armandi, alikaa Msambweni miaka mingi, mtu mpole, kazi yake kukusanya vitabu vya kale. Vya nyota, vya mashine za ajabu, vya safari za watu ambao hawakusafiri, hata vya namna ya kuonja divai. Akimaliza kimoja na kukipenda sana, hukigawa hotelini ili na mwengine akisome. Ndivyo cha kwanza kilivyonifikia mimi. Kisha akaugua ghafla, akatiwa kwenye gari, akapelekwa kwao, na hakurudi tena. Nyumba yenyewe ilivunjwa. Vitabu alimwachia mpishi wake, Mzee Bakari.

"Yuko hai?" nikauliza.

"Sijui. Binti yake hunitumia salamu kila mwaka mpya. Mwaka huu sikumwuliza habari za baba." Akaiangalia jamu yake. "Mtu huogopa kuuliza."

Mimi sikumsikiliza tena. Kichwani mwangu kulikuwa na jina moja tu, Mzee Bakari, Msambweni. Nililala kwa Madamu kwa kulazimishwa, na alfajiri nilikuwa barabarani kabla yake.

Mwabungo hadi Msambweni

Mvua. Yaani mvua ile ambayo hata pikipiki inaona haya. Nilisimama chini ya bati la muuza viazi karai mpaka nikawa kama mtu wa nyumbani, nikasaidia hata kumenya. Kitabu nilikitia kifuani ndani ya buibui, bora nilowe mimi.

Mvua ilipokatika nikapata pikipiki, tukafika Msambweni matope hadi magotini. Nikauliza kwa Mzee Bakari aliyekuwa mpishi. Mwanamume mmoja mwenye kofia akaniambia kwa upole, "Mzee ametutangulia, mama, zamani. Mkewe yupo, Bi Mwanatumu muuza udi wa maharusi. Nenda na njia hii. Ukisikia harufu ya udi, umefika."

Na ndivyo ilivyokuwa. Sikuuliza mtu tena, pua ilinipeleka.

"Hodi!"

"Karibu, karibu mgeni!" Mama mwembamba, mrefu, macho makali, kanga zake zimenyooka kana kwamba zimetoka dukani sasa hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ingia, uvue hayo matope. Umekula?"

Nyinyi mnajua adabu zetu, mgeni hasemi lililomleta kabla hajala. Basi nikala mahamri na mbaazi za nazi huku ulimi unaniwasha. Nilipomaliza tu, Bi Mwanatumu akaleta sinia yenye vichupa na vifungu vya udi, akaanza kuninusisha kimoja kimoja. Huu wa siku ya kuingia ndani, huu wa fungate, huu wa kutuliza mama mkwe. "Bibi harusi ni nani? Binti yako?"

Nikamwambia hakuna bibi harusi. Nikatoa kitabu na kumwonyesha yule ndege, nikidhani nitamfurahisha.

Akakitwaa mkononi mwangu. Akamtazama korongo kwa muda mrefu.

"Hiki umekipata wapi?"

"Hotelini, mama. Ni changu."

"Chako? Ndege huyu ni wa Musyu. Kila chenye ndege huyu ni amana ya Musyu, na amana iko kwangu." Akainuka, akafungua kabati, akakitia, akafunga, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

Loo! Nimekuja kutafuta cha pili, nimenyang'anywa cha kwanza! Nikapandisha sauti, sikatai. Nikasema kiligawiwa hotelini, mwenyewe alikitoa kwa hiari yake. Akanijibu taratibu, "Wewe ulikuwepo akikitoa?" Sikuwepo. "Basi."

Kabatini hadi bandani

Ugomvi wetu uliishia kwenye chai, na baada ya chai akalainika akakubali nivione vitabu, kwa macho tu. Akafungua kabati. Enyi watu! Vimefungwa nguo nyeupe kimoja kimoja, katikati karafuu za kuzuia wadudu, na kila baada ya masika huvianika uani na kuvirudisha. Nimeona maktaba za hoteli kubwa zenye feni na kufuli ambazo vitabu vyake vimegeuka vumbi. Hivi vilikuwa vinang'aa. Mapambo ya dhahabu mgongoni, picha za vyombo vya kuruka vyenye mabawa ya popo, miji iliyo chini ya bahari. Nilikuwa nasoma majina kwa sauti kama mtu anayeita watoto wake kula. Machozi yalinitoka, acha niseme ukweli.

Lakini cha pili hakimo. Nikapitia tena. Hakimo.

"Mama, hakuna kimoja chekundu kama hiki changu... kama hiki cha Musyu?"

Uso wake ukabadilika. "Chenye picha ya mwanamke juu?"

"Sijui, mama, sijakiona. Ni cha mwanamke, ndiyo."

"Ahaa. Kile cha baa."

"Cha baa?"

"Vya ulevi sikuvitia humu. Humu naswali mimi. Lakini amana ni amana, siwezi kuitupa. Nimevitengea mahali pake." Akanipeleka uani hadi banda la mbuzi. Kwenye boriti ilining'inia ndoo ya plastiki yenye kifuniko, imefungwa kamba, juu ambako mbuzi hafiki. Akaishusha kwa mkono mmoja, uso ameuelekeza pembeni.

Ndani kulikuwa na vitabu viwili, navyo kwenye nguo nyeupe na karafuu. Kimoja kikubwa, kimejaa picha za mizabibu na mapipa, kile cha kuonja divai. Hicho sina la kukitetea. Kingine chekundu. Mwanamke ameketi mezani, nywele zimefumuka, taa inawaka, na mbele yake mitungi ya kioo imejipanga safu, imejaa maji ya rangi.

Ni yeye! Karani wangu! Nilipiga kelele mbuzi wakaruka.

"Mama, hizi si chupa za pombe! Hizi ni betri! Telegrafu ya zamani ilitumia betri za mitungi ya kioo, ndani maji ya dawa!"

"Betri."

"Betri, mama."

"Mwanamke kichwa wazi, usiku, taa inawaka, mbele yake chupa zimejipanga. Nawe waniambia betri."

"Yuko kazini, mama! Ni karani wa serikali!"

Akakichukua, akakitazama karibu, akakitazama mbali. Kisha akafuta jalada kwa ncha ya kanga, polepole, hasa pale kwenye uso wa yule msichana. "Astaghfirullahi. Basi mtoto wa watu nimemfunga na mbuzi miaka yote hii kwa kumdhania tu." Tukatazamana, tukacheka mpaka nikashika nguzo ya banda.

Karani akaingizwa ndani kwa heshima. Nikanyoosha mkono kukifungua, nikapigwa kikofi. "Kusoma ni kutumia. Amana haitumiwi bila idhini ya mwenyewe." Kitabu kiko mbele yangu mkekani, nimekitafuta hadi nimemenya viazi vya watu, na sina ruhusa ya kukifungua.

Halafu akaniambia lake. Jina lake limetoka, mwaka huu anakwenda Makka kuhiji. Wanawe wamekwishamwandalia kila kitu. Lakini mtu hatoki kwenda kuhiji na amana ya mtu shingoni, huirudisha kwanza, na yeye hajui mwenye amana aliko. Kila mzungu aliyepita Msambweni alimwuliza. "Ningempata mtu mmoja tu anayewajua jamaa zake," akasema, "moyo wangu ungetulia. Nisipompata, sijui kama nitaondoka."

Mimi nilimjua mtu huyo. Binti mwenye salamu za mwaka mpya, anayejulikana na Madamu Odile.

Nikanyamaza. Nawaambia nyinyi kwa kuwa hamtanihukumu: nilinyamaza kikombe kizima cha chai. Maana nilijua yatakayofuata. Musyu atasema vitabu vyake vipelekwe kwao, vitafungwa, vitapanda ndege, na mimi na nyinyi tutabaki na daktari wa Mwanahamisi. Nikisema hapatikani, Bi Mwanatumu pengine atamwachia vitabu anayejua kusoma lugha yake, na hapa nani mwengine anayejua? Nilikitazama kitabu. Bi Mwanatumu akainuka, akaniongezea mahamri, akachagua lile lililovimba vizuri akaliweka upande wangu.

Nikalishika, nikalirudisha sahanini. "Mama," nikasema, "nipe simu yangu hapo. Namjua mtu."

Msambweni hadi Ufaransa, juu ya jiwe la kufulia

Mtandao nyumbani kwa Bi Mwanatumu unapatikana mahali pamoja tu, juu ya jiwe la kufulia nguo uani. Nikapanda hapo. Madamu Odile akanitumia nambari, nikapiga. Binti akapokea, nikajieleza kwa Kifaransa changu cha karatasi ya vyakula. 

"Baba yupo," akasema. "Macho yameondoka, na siku hizi hazungumzi sana. Ngoja."

Kikohozi. Kisha sauti nyembamba, kwa Kiswahili:

"Hodi?"

Nilikuwa nimeifungulia sauti kubwa, na Bi Mwanatumu akaitikia kwa nguvu zake zote kana kwamba mtu yuko mlangoni. "Karibu! Karibu Musyu!" Akakaa kwenye ukingo wa jiwe akafunika uso kwa kanga.

Kiswahili kimempotea Musyu karibu chote, kwa Kifaransa akamwulizia Bakari. Nikatafsiri kwamba Bakari ametangulia mbele ya haki.  Kisha akauliza, vitabu vilikwenda wapi?

"Mwambie vyote vipo," Bi Mwanatumu akasema. "Mchwa hajagusa hata kimoja. Vile vya pombe navyo vipo, ila sikuviingiza ndani, anisamehe. Na yule msichana wake wa betri nilimdhania vibaya, anisamehe na hilo."

Nilipomweleza habari ya ndoo na mbuzi, yule mzee alicheka akapaliwa, binti akaja mbio. Alipopata pumzi akasema, mwambie vitabu vyote ni vyake.

Mimi huku naruka juu ya jiwe. Bi Mwanatumu akatikisa kichwa. "Hapana. Kwanza apokee, ndipo atoe. Mimi ndivyo ninavyojua. Mwulize, yuko mbali na mikono haifiki, je, anataka nini akipate leo?"

Nikauliza. Musyu Armandi akafikiri. Akasema, katika kitabu cha pili cha yule karani aliacha ukindu, ule wa kusukia mikeka. Alikuwa amefika hapo siku walipomtia kwenye gari. Kwao alikitafuta kitabu hicho asikipate, na sasa hata angekipata, macho hana. "Nisomee kuanzia kwenye ukindu," akasema. "Nataka kujua kama walimjibu."

Nikafungua. Ukindu upo, umekauka, karibu na mwisho kabisa. Jamani, mnanijua! Mtu akinidokeza mwisho wa hadithi namnunia wiki nzima. Na sasa nilitakiwa kuiruka hadithi yote, kurasa zote nilizozitamani, niusome mwisho kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikamtazama Bi Mwanatumu. Nikasoma.

Nilisoma sentensi kwa Kifaransa kumpa Musyu, na ileile kwa Kiswahili kumpa Bi Mwanatumu. Karani sasa ni kizee. Kituo kimefungwa zamani, nyaya zimekatwa umebaki mmoja, vijana wa kijijini wanamwita mwendawazimu. Kila siku anabadilisha maji ya betri, anafuta mashine, anakaa. Majirani wa Bi Mwanatumu walianza kusogea uani mmoja mmoja, mwengine na kata yake mkononi. Tik. Nikaifikia hiyo tik, nikairudia. Mashine inagonga. Nyota imejibu. Ilichukua umri wake mzima kwa sababu ndivyo ilivyo mbali, na inasema: "Tumekusikia. Tunakuja." Yule kizee anaweka mkono juu ya mashine ili ajibu. Na hapo kitabu kimekwisha. Alichojibu hakikuandikwa.

 Kwenye simu kimya.

"Musyu?" nikaita. "Musyu Armandi?"

Kimya.

"Musyu!"

"Nipo," akasema. Kwa Kiswahili.

Bi Mwanatumu akanishika mguu pale juu ya jiwe. "Amepokea?"

"Amepokea, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, na akalia bila kujificha, na mimi nikalia, na majirani wakatupatia kanga za kufutia machozi.

Msambweni hadi nyumbani

Asubuhi yake Bi Mwanatumu alifungua kabati. Vitabu sasa ni vyake, akasema, na yeye anavitoa kwa mtu anayejua kuvisemesha, kwa sharti vikae kwenye karafuu. Nikarudishiwa na changu cha kwanza, bila kuombwa radhi. Nilipoinua kile cha divai nikitie kwenye katoni, akanizuia. "Hicho kinasema nini hasa?"

Nikamsomea kidogo. Kinafundisha mtu azungushe, anuse, angoje, anuse tena, mpaka atambue harufu ya ngozi, ya tunda kavu, ya udongo uliolowa. Akasikiliza kwa makini, vidole vinasugua kifungu cha udi.

"Huyu mtu anajua kunusa," akasema. "Ila amekosea cha kunusa. Kiache."

"Nikiache ndani, mama?"

"Bandani. Nitakwenda kukitazama huko."

Basi nimerudi na katoni tatu, na nauli nimelipishwa kama abiria wawili. Vipo sebuleni. Sehemu ya katikati ya karani sijaisoma hata neno, ninawangoja nyinyi, msiseme sina subira.

Jana Bi Mwanatumu alinipigia. Safari yake imewadia, anazunguka kwa watu wote kuomba msamaha kama iwapasavyo mahujaji, na akaniomba nimsamehe lile la kuninyang'anya kitabu. Nikamwambia nimemsamehe zamani, tangu lile hamri. Kisha nikamwuliza kitu ambacho najua kitawagombanisha nyinyi kutwa nzima, maana Mwanahamisi nishamsikia anatunga. Nikasema, "Mama, lile jibu la karani, ambalo mwandishi hakuliandika. Unadhani alijibu nini?"

Alinishangaa. Nilimsikia kabisa akinishangaa.

"Watu wametoka mbali kote huko wamekwambia wanakuja," akasema. "Utawajibu nini kingine? Karibuni."